Alama, sapu, disko na kuahirisha masomo: kanuni za chuo zinasema nini?

Kwa watu wengi disko ni muziki. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania ni neno linaloondoa usingizi: kudisko ni kuondolewa masomoni kwa sababu ya matokeo. Kila Seneti za vyuo zinapopitisha matokeo, wako wanaorudi nyumbani na mabegi yao, na kati yao wapo ambao hawakufeli kwa maana tunayoielewa wengi wetu. Mmoja aliugua wiki ya mitihani akakaa kimya. Mwingine alikosa ada akaondoka bila kuaga. Wa tatu alama zake za jaribio hazikuingizwa kwenye mfumo, na alipokuja kuuliza, muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita.

Maswali tunayoletewa na wanafunzi na wazazi ni matatu. Naweza kupinga alama niliyopewa? Ni lini chuo kinaweza kuniondoa? Na nikipata matatizo, naruhusiwa kusimama kidogo kisha nikarudi? Katika makala hii tunayapitia tukitumia zaidi kanuni za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hicho ndicho kikongwe kuliko vyote nchini, na vyuo kadhaa vya umma vilizaliwa humo: Sokoine kilijitenga mwaka 1984, Muhimbili na Ardhi mwaka 2007. Ndiyo maana kanuni zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja. Hata hivyo viwango na siku hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hurekebishwa mara kwa mara. Kitabu cha kanuni cha chuo chako, kwa mwaka uliosajiliwa, ndicho chenye kauli ya mwisho.

Alama inavyopatikana

Katika kozi nyingi alama 100 zimegawanyika: 40 ni za kazi za muhula, yaani majaribio, insha, semina na mazoezi ya maabara, na 60 ni za mtihani wa mwisho. Jumla hiyo hugeuzwa kuwa daraja. Kwa utaratibu wa Mlimani, 70 na kuendelea ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye 3, 40 hadi 49 ni C yenye 2. Chini ya hapo umefeli: 35 hadi 39 ni D yenye pointi 1, na chini ya 35 ni E ambayo haina kitu.

Kisha inakuja GPA. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa uzito wa kozi hiyo, yaani krediti zake, zikajumlishwa, halafu jumla ikagawanywa kwa krediti zote. Kwa hiyo kufeli kozi ya krediti 12 si sawa na kufeli ya krediti 8, ingawa kwenye karatasi zote mbili zinaonekana kama mstari mmoja. Na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mkia wa desimali hukatwa, haukadiriwi kwenda juu. Mwenye 3.49 ana 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, hivyo huyo anabaki daraja la pili la chini, na waajiri wanaotaka 3.5 hawatamsikiliza akieleza habari ya ile 0.01.

Mwalimu akishasahihisha, alama bado si matokeo rasmi. Zinapita kwenye idara, baadhi ya karatasi hukaguliwa na mtahini wa nje ambaye ni mwalimu wa chuo kingine, zinakwenda kwenye bodi ya kitivo au ya shule, na mwishowe Seneti ndiyo inayozithibitisha. Unachokiona kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi (Mlimani wanauita ARIS) kabla ya Seneti kukaa ni matokeo ya muda. Hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha kusahihisha kosa, kwa sababu mwalimu bado anaweza kurekebisha kwa fomu na sahihi ya mkuu wa idara. Baada ya Seneti, kurekebisha tarakimu moja tu ni safari ndefu ya kamati.

Kosa dogo linavyogeuka kuwa disko

Tuchukue mwanafunzi wa mfano mwenye kozi tano tu, ili hesabu iwe fupi. Tatu zina krediti 12 kila moja, mbili zina krediti 8, jumla 52. Katika kozi mbili kubwa amepata C, katika ya tatu amepata alama 36, ambayo ni D. Katika kozi ndogo, moja ana B na nyingine E. Pointi zake ni 24, 24, 12, 24 na 0, jumla 84. Gawanya kwa 52, unapata 1.61, nayo inaandikwa 1.6.

Sasa tuseme ile alama 36 ilikuwa pungufu, kwa sababu jaribio moja ambalo alipata 8 halikuingizwa. Ukiirudisha, 36 inakuwa 44, D inakuwa C, pointi 12 zinakuwa 24, na jumla inakuwa 96. Gawanya kwa 52: 1.84, inaandikwa 1.8.

Tofauti ya 1.6 na 1.8 inaonekana ndogo. Lakini 1.8 ndiyo mpaka ambao kanuni za Mlimani na za vyuo kadhaa vingine zimeutumia kwa miaka mingi: mwanafunzi ambaye GPA yake ya mwaka, kabla ya mitihani ya marudio, iko chini ya hapo, anaondolewa masomoni hata kama kozi alizofeli ni mbili tu. Aliyefika 1.8 anaruhusiwa kufanya sapu. Kwa hiyo alama nane za jaribio la katikati ya muhula, ambazo pengine mwanafunzi aliona hazina haja ya kufuatiliwa, ndizo zinazotenganisha wiki mbili za kujisomea na mwisho wa masomo.

Ndiyo maana tunashangaa tunaposikia wanafunzi wametupa karatasi za majaribio baada ya kurudishiwa. Karatasi ile yenye kalamu nyekundu ya mwalimu ndiyo ushahidi pekee ulio mikononi mwako. Ipige picha, uitunze mpaka Seneti ipitishe matokeo. Na saini karatasi ya mahudhurio ya mtihani kila mara. Siku ambayo kijitabu chako cha majibu kitapotea, karatasi hiyo ndiyo itakayothibitisha kwamba uliingia chumbani.

Unachoweza kupinga, na usichoweza

Hapa ndipo rufaa nyingi zinapokwama. Mwanafunzi anaandika kurasa tatu akieleza kwamba alisoma sana, kwamba swali la pili alilijibu vizuri, kwamba rafiki yake aliyeandika hivyohivyo amepata B. Jibu linarudi mstari mmoja: rufaa imekataliwa.

Sababu ni kwamba kanuni zinatofautisha vitu viwili. Kuna uamuzi wa kitaaluma, yaani maoni ya mwalimu kwamba insha yako ina thamani ya 52 na si 61. Huo, kama ulifanywa kwa haki, haupingwi. Na kuna utaratibu: je, alama zilijumlishwa sawasawa? Kuna ukurasa uliorukwa? Jaribio lilihesabiwa? Usahihishaji ulikuwa wa upendeleo au wa kisasi? Mtahini alifuata mwongozo ambao darasa zima lilipewa? Haya yanapingwa, na rufaa inayojikita hapa husomwa kwa makini.

Utengano huu haukubuniwa Dar es Salaam. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua shauri la mwanafunzi wa udaktari aliyeondolewa na chuo kikuu huko Kansas City, jimbo la Missouri. Walimu na madaktari waliomsimamia walisema utendaji wake kwa wagonjwa hauridhishi. Majaji walisema kuondolewa kwa sababu za kitaaluma si sawa na kuondolewa kwa utovu wa nidhamu, na kwamba katika masuala ya kitaaluma chuo hakilazimiki kuitisha kikao cha kumsikiliza kama mahakama, ilimradi mwanafunzi alijulishwa mapema kuhusu udhaifu wake na uamuzi ulifanywa kwa uangalifu. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya England nayo, katika shauri la mwanafunzi aliyepewa sifuri kwa kazi yake ya mwisho, ilieleza kwamba majaji hawawezi kugeuka watahini; lakini chuo kikivunja kanuni zake chenyewe, mwanafunzi anaweza kukishtaki kama anavyoshtakiwa mtu aliyevunja mkataba.

Kwa majirani zetu Kenya kuna nyongeza yenye faida. Ibara ya 47 ya Katiba yao ya mwaka 2010, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza, inampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Katika nchi ambayo alama kupotea ni kilio cha miaka mingi cha wanafunzi wanaosubiri kuhitimu, ibara hiyo ina kazi ya kufanya.

Ngazi za rufaa

Anza na mwalimu wa kozi. Huu si ushauri wa adabu tu, ingawa adabu nayo ina nafasi yake. Ukienda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, atakurudisha kwa mwalimu, na siku zako zinahesabika. Nenda saa zake za ofisi, msalimie, muulize kwa utulivu: "Dokta, nimeona kazi za muhula zangu ni 14, lakini kwa karatasi nilizonazo zinafika 22, naomba tuangalie pamoja." Mwalimu mwenye wanafunzi 400 katika kozi moja anaweza kuwa ameruka mstari. Ukianza kwa kumwambia kwamba amekuonea, atajitetea, na tarakimu itabaki palepale.

Usipoelewana naye, andika barua kwa mkuu wa idara. Barua hizi kwa kawaida huandikwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia, lakini hazihitaji Kiingereza cha kupamba. Zinahitaji namba ya usajili, jina na msimbo wa kozi, muhula na mwaka, alama iliyoandikwa, alama unayoamini ni sahihi, sababu moja au mbili, na nakala za ushahidi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri ule, barua yako inaweza kukaa chini ya faili miezi mitatu na wewe usiwe na la kusema.

Baada ya hapo ni rufaa rasmi, inayopitia uongozi wa kitivo au shule hadi kamati ya Seneti. Vyuo vingi vinatoza ada kwa rufaa, na vyote vina ukomo wa siku unaohesabiwa tangu matokeo yalipotangazwa. Soma ukomo huo siku ileile ya matokeo, usingoje hasira ipoe. Fahamu pia kwamba karatasi ikisahihishwa upya na mtahini mwingine, alama inaweza kushuka vilevile kama inavyoweza kupanda.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, inasimamia ubora na inapokea malalamiko, lakini haisahihishi mitihani ya mtu, na itakuuliza kwanza kama umemaliza ngazi za chuoni. Mahakama nayo iko. Mwanafunzi anaweza kuomba Mahakama Kuu itengue uamuzi wa chuo kama haukufuata sheria au haki ya asili, ila kuomba kibali cha kufungua shauri la namna hiyo kuna ukomo wa miezi sita. Jaji atauliza uamuzi ulifikiwaje, hatauliza jibu la swali la tatu.

Mambo hubadilika kabisa tuhuma inapokuwa ya udanganyifu: kuingia na karatasi, simu, kunakili kazi ya mtu. Hapo chuo hakitoi tena maoni ya kitaaluma, kinakutuhumu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inasema mtu anapoamuliwa haki zake na mahakama au chombo kingine, anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa. Kwa hiyo una haki ya kujua tuhuma kwa maandishi, kupewa muda wa kujiandaa na kujieleza mbele ya kamati. Usisaini karatasi ya kukiri ukiwa umetishika ndani ya chumba cha mtihani. Andika maelezo yako mwenyewe, kwa maneno yako, uweke tarehe.

Sapu, mtihani maalumu na kubeba kozi

Aliyefeli kozi lakini GPA yake imefika mpaka anafanya mtihani wa marudio, sapu, kabla ya mwaka mpya kuanza. Hata akipata 90 kwenye sapu, daraja litakaloandikwa ni C. Akifeli tena, kanuni zinaweza kumruhusu kuibeba kozi hiyo hadi mwaka unaofuata kwa masharti, na hapo ratiba huanza kugongana.

Mtihani maalumu ni kitu kingine, na kuchanganya viwili hivi kunawagharimu watu daraja la shahada. Huu hupewa aliyeshindwa kufanya mtihani kwa sababu ya msingi: ugonjwa, kujifungua, kufiwa na mtu wa karibu, ajali. Mara nyingi hufanyika siku zilezile za sapu, chumba kilekile, karatasi ileile. Lakini unahesabiwa kama unafanya mara ya kwanza, alama za kazi za muhula zinabaki, na ukipata A inaandikwa A.

Kinachowatenganisha wawili waliokaa dawati moja kwenye chumba hicho ni barua iliyopelekwa kabla ya mtihani. Mgonjwa aliyekwenda kituo cha afya cha chuo au hospitali inayotambulika, akapata cheti, akakifikisha kwa mkuu wa idara, anapewa mtihani maalumu. Mgonjwa aliyejikaza akaingia na homa, akaandika nusu ukurasa, kisha akaja na cheti baada ya matokeo, kwa kawaida hasikilizwi, kwa sababu kuingia chumbani kunachukuliwa kuwa ni kukiri uko fiti. Na aliyebaki hosteli bila kumwambia mtu anaandikwa mtoro wa mtihani, kosa ambalo adhabu yake ni kuondolewa. Wote watatu walikuwa na malaria ileile.

Tumewahi kusikia wazee wakimsifu kijana kwa kujikaza. Katika hili, kujikaza hakuna faida. Mzazi anayepigiwa simu na mwanawe akiumwa usiku wa kuamkia mtihani, amwambie aende hospitali kwanza, na mwenzake wa chumba apeleke taarifa idarani asubuhi.

Kuahirisha masomo

Likizo ya masomo, ambayo vyuoni huitwa kuahirisha, ni ruhusa ya kusimama muhula mmoja au mwaka bila kupoteza nafasi. Sababu zinazokubalika ni afya, matatizo ya kifamilia na kijamii, na ukosefu wa fedha. Ndiyo, ukosefu wa fedha umo. Wanafunzi wengi hawajui hilo, wanaona aibu kuandika kwamba baba amepoteza kazi au mazao yamekauka, wanaona afadhali watoweke kimyakimya. Chuo hakina namna ya kujua kwamba umekwenda kijijini kutafuta ada. Kinachokiona ni jina ambalo halikusajiliwa, halina kazi za muhula, halikufanya mtihani. Kwenye kanuni jina la namna hiyo linaitwa la mtoro.

Ujauzito nao unazua hofu isiyo na msingi. Kwa muda mrefu wasichana wa shule za msingi na sekondari waliopata mimba walikuwa wakipoteza nafasi zao, hadi serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanaweza kurudi darasani. Kumbukumbu hiyo inawafuata mabinti wengine hadi chuoni, wakaficha tumbo mpaka mitihani. Chuo kikuu ni watu wazima. Mwanafunzi mjamzito anaweza kuendelea kusoma, anaweza kuomba mtihani maalumu kama tarehe ya kujifungua imegongana na ratiba, na anaweza kuahirisha mwaka. Anachotakiwa ni barua na cheti cha kliniki.

Maombi huanzia idarani, yanapitia uongozi wa kitivo, na ruhusa hutolewa kwa maandishi na mamlaka ya juu ya taaluma. Omba mapema katika muhula. Maombi yanayoletwa wiki ya mwisho, baada ya mtu kuona majaribio yote ameyaharibu, yanaonekana yalivyo, na vyuo vina tarehe ambayo baada yake havipokei tena maombi isipokuwa kwa ugonjwa. Usiondoke kabla barua ya ruhusa haijakufikia mkononi au kwenye akaunti yako ya mfumo. Kupeleka maombi si kupata ruhusa. Ukiwa umelazwa na huwezi kufika, ndugu anaweza kuyapeleka kwa niaba yako, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa kazi kama hiyo. Serikali za wanafunzi pia, kama DARUSO pale Mlimani, zina viongozi wa elimu na mikopo wanaozijua ofisi hizi mlango kwa mlango.

Barua ya ruhusa inataja siku ya kurudi. Kwa kanuni za Mlimani, anayetaka kurejea mwaka uleule alioachia asikae nje zaidi ya miaka miwili. Kuna pia ukomo wa jumla wa miaka ambayo mtu anaweza kuwa amesajiliwa kwa shahada moja, na kuahirisha mara mbilimbili kunaula ukomo huo taratibu. Anayeahirisha akumbuke kwamba mtaala hausimami pamoja naye: kozi aliyoiacha inaweza kufutwa au kubadilishwa msimbo, naye akirudi akatakiwa kusoma mbadala wake.

Na bumu?

Kwa wanaosomeshwa kwa mkopo, swali la kwanza huwa ni hili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hulipa kwa mwanafunzi aliye masomoni. Ukiahirisha kwa ruhusa, malipo yanasimama, hupati posho ya chakula na malazi ya kipindi ambacho haupo, na yanaweza kuendelea ukirudi baada ya chuo kuijulisha Bodi kwamba umerejea. Hapo katikati ndipo watu wanapoumia: chuo kimechelewa kupeleka taarifa, mwanafunzi amerudi, robo ya kwanza inapita hana hata nauli. Mara tu unapopata barua ya kurejea, ipeleke nakala kwa ofisa mikopo wa chuo, umuombe akuoneshe kwamba jina lako limeingia kwenye orodha inayokwenda Bodi. Wanaosomeshwa na bodi ya mikopo ya Zanzibar wafuate njia hiyohiyo kwa ofisi yao.

Ukipokea posho ya robo ambayo tayari umeshaahirisha, usiitumie. Itadaiwa.

Aliyeondolewa masomoni, kwa disko au kwa utoro, bado anadaiwa kila shilingi aliyokwishapokea. Mkopo haufutwi kwa kukosa shahada. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na makato hayo hayaulizi kama ulihitimu. Huyu ndiye anayebeba mzigo mara mbili: deni la mtu aliyesoma, na mshahara wa mtu ambaye hana cheti.

Aliyedisko kwa matokeo anaweza kuomba chuo upya kama mwombaji mwingine yeyote, kwa masharti ya udahili ya mwaka huo, akianza mwaka wa kwanza. Aliyeahirisha kwa barua anarudi pale alipoishia. Katika wiki ya usajili atafika na barua yake ya ruhusa, uthibitisho wa daktari kama aliondoka kwa ugonjwa, na risiti ya ada, atapewa fomu ya kurejea ajaze, kisha aende kuomba upya chumba hosteli, kwa sababu kile cha mwaka ule kina mtu mwingine.